Warshawski, Millhone, McCone au Mma Ramotswe: uanze na mpelelezi yupi?

Ukitafuta riwaya za upelelezi ambamo msakaji ni mwanamke mwenye ofisi yake, anayelipwa na mteja wala si na serikali, majina manne hayakosekani: V.I. Warshawski wa Chicago, Kinsey Millhone wa Santa Teresa huko California, Sharon McCone wa San Francisco, na Precious Ramotswe, yaani Mma (Bibi) Ramotswe, wa Gaborone, Botswana. Kila mmoja ana mfululizo mrefu. Wa Millhone una vitabu 25, wa Warshawski na wa Ramotswe imeshapita 20, na wa McCone umevuka 30. Hakuna mwenye muda wa kuvisoma vyote ndipo ajue anachokipenda, na ukianza na kitabu kibaya unaweza kumwacha mpelelezi mzuri kabla hujamfahamu.

Sisi tulioujulia upelelezi kwa Bwana Msa na kiko chake, halafu Inspekta Wingo, halafu Willy Gamba, tumezoea msako wa kiume. Kwa hiyo wengi wanaowasoma hawa wanne kwa mara ya kwanza hushughulika na hilo la uanamke tu: ooh, ana bastola, ooh, amempiga mwanamume. Baada ya kitabu kimoja hilo linaisha. Kinachobaki, na kinachowatofautisha kwelikweli, ni mji.

Ndiyo maana kipimo changu ni hiki. Uchukue uhalifu wa kitabu, uung'oe mjini mwake, ukaupande mji mwingine. Ukiota vilevile, basi mji ulikuwa pambo la jalada. Ukikataa kuota, mji ndio uliouzaa, na riwaya hiyo ina kitu ambacho huwezi kukipata kwenye nyingine.

Chicago: mtu aliyeona karatasi

Sara Paretsky, mwandishi wa Warshawski, alizaliwa Iowa mwaka 1947, akakulia Kansas, na alifika Chicago kiangazi cha 1966 akiwa kijana wa kujitolea. Alirudi kuishi huko, akasoma historia hadi shahada ya uzamivu, kisha akafanya kazi katika kampuni ya bima. Hiyo kazi ya bima ndiyo ya kuitazama. Katika vitabu vyake ni nadra mtu kuuawa kwa wivu wa mapenzi. Anauawa kwa kuwa ameona karatasi ambayo hakutakiwa kuiona. Kitabu cha kwanza, "Indemnity Only" cha 1982, kinazungukia madai ya uongo ya fidia za wafanyakazi kati ya chama chao na kampuni ya bima. "Deadlock" cha 1984 kimo ndani ya biashara ya meli za nafaka katika Maziwa Makuu ya Marekani. Katika "Killing Orders" cha 1985 hati bandia za hisa zinakutwa ndani ya sefu ya nyumba ya watawa. Mkubwa wa genge huvaa suti nzuri, huenda anachangia hospitali na jumba la muziki, na ana watu wa kumfanyia kazi chafu.

Ila kitabu kinachoonyesha uwezo wa Paretsky wote ni cha 1988, na hapa mnunuzi awe macho: Marekani kilitoka kwa jina la "Blood Shot", Uingereza kikaitwa "Toxic Shock". Ni kitabu kilekile. Usikinunue mara mbili.

Warshawski anarudi South Chicago, mtaa aliozaliwa, kwa sababu ya wenzake wa zamani wa timu ya kikapu ya sekondari. Caroline, binti wa nyumba ya jirani ambaye yeye alimlea kama mdogo wake, anamwomba amtafutie baba asiyewahi kumjua. Mama yake Caroline, Louisa, amelala kitandani, figo zimekwisha. Louisa hapo zamani alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kemikali. Unaanza kumtafuta baba wa mtoto, unajikuta kwenye madaftari ya daktari wa kiwanda, aliyekuwa akichukua damu za wafanyakazi mwaka baada ya mwaka na kuandika majibu bila kumwambia hata mmoja wao. Rafiki wa utotoni anaokotwa amekufa kwenye dimbwi la Dead Stick Pond, ambalo ni dimbwi la kweli kule kusini mwa jiji karibu na Ziwa Calumet, katikati ya viwanda na majalala.

Sasa jaribu kuung'oa uhalifu huo. Unahitaji kiwanda kilichoajiri watu wa mtaa mzima kiasi kwamba hakuna anayethubutu kukisema. Unahitaji diwani anayekula na wenye kiwanda na bado anachaguliwa. Unahitaji kampuni ya bima inayotaka kujua wafanyakazi wanaumwa kiasi gani, na mwajiri mwenye sababu ya kuificha. Unahitaji pia mtaa unaokufa: Wisconsin Steel, moja ya viwanda vikubwa vya chuma vya pale, kilifungwa ghafla mwaka 1980 na maelfu wakapoteza kazi, na South Works cha U.S. Steel kikafuata mwaka 1992. Paretsky aliandika katikati ya matukio hayo mawili. Ukiihamisha hadithi hii hata ikawa kaskazini mwa jiji lilelile la Chicago, haisimami.

Warshawski mwenyewe ni mtu wa mtaa huo. Baba yake, Tony, alikuwa polisi mwenye asili ya Poland. Mama yake, Gabriella, alikuwa mwimbaji aliyekimbia Italia wakati wa ufashisti akiwa na bilauri nyekundu za Venice, na msomaji wa mfululizo huu huanza kuziogopea bilauri hizo kuliko anavyomwogopea mhusika. Kabla ya upelelezi alikuwa wakili wa serikali wa kuwatetea wasio na uwezo. Huko mahakamani ndiko alikoanza kutumia herufi za mwanzo tu, kwa kuwa mawakili wa kiume wasingeweza kumwita kwa jina la kwanza na kumfanya mtoto. Ana daktari rafiki, Lotty Herschel, aliyetoka Vienna akiwa mtoto mkimbizi, na jirani mzee, Bwana Contreras, fundi mitambo mstaafu ambaye hakuna mgeni anayepanda ngazi bila yeye kufungua mlango kuchungulia.

Kasoro? Hasira. Warshawski anakasirika ukurasa wa 10 na anakuwa bado amekasirika ukurasa wa 300. Anapigwa karibu kila kitabu, na anapona haraka mno. Vitabu vya baadaye vimenenepa na hotuba za siasa zimeongezeka, ingawa kimojawapo, "Blacklist", ndicho kilichompa Paretsky tuzo ya Gold Dagger ya waandishi wa Uingereza. Kiingereza chake pia ndicho kizito kuliko cha wenzake wote hapa: sheria, bima, hisa na lugha ya mtaani ndani ya aya moja.

Santa Teresa: mji ambao haumo kwenye ramani

Mwaka uleule wa 1982 Sue Grafton alitoa "A Is for Alibi", na hapo akajifunga kuandika alfabeti nzima. Santa Teresa ni Santa Barbara iliyobadilishwa jina, na jina lenyewe aliliazima kwa heshima kwa Ross Macdonald, mwandishi wa riwaya za upelelezi aliyelitumia kabla yake. Hilo linampa mwandishi uhuru: anaweza kuweka mtaa wa matajiri anapotaka, akaweka na polisi mzembe bila kumkosea mtu.

Kinsey Millhone ana miaka 32 anapoanza, ameolewa na kuachika mara mbili, hana mtoto, hana mnyama wa kufugwa, na aliwahi kuwa polisi. Anaishi kwenye gereji iliyogeuzwa chumba, kwa mzee Henry Pitts, mwokaji mikate mstaafu aliyepita miaka 80. Anaendesha Volkswagen ndogo. Ana gauni moja jeusi lisilokunjamana, la misibani na la sherehe. Nywele anajikata mwenyewe kwa mkasi wa kucha. Akiwa na njaa anatengeneza mkate wa siagi ya karanga na achari ya tango, na akitaka kula cha moto anakwenda kwa Rosie, mama wa Kihungari mwenye baa, ambaye hakuulizi unataka kula nini, anakuamulia. Ukimuuliza msomaji wa Grafton muuaji wa kitabu cha tano alikuwa nani, huenda hakumbuki. Muulize kuhusu mkate wa karanga na achari.

Kitabu cha A kinaanza na mteja ambaye tayari amefungwa. Nikki Fife alihukumiwa kwa kumuua mumewe, wakili wa talaka aliyekuwa na maadui wa kila aina. Amekaa gerezani miaka minane, ametoka, na anamtaka Kinsey amtafute aliyeua hasa. Sumu iliyotumika ni ya oleander, iliyosagwa na kutiwa ndani ya kapsuli mahali pa dawa ya mzio. Oleander ni kichaka cha maua mazuri kinachopandwa kando ya barabara na kwenye nyua za California, kwa hiyo silaha iko wazi mbele ya kila mpita njia. Hapo mji umechangia. Grafton alikuwa akieleza wazi kwamba wazo hilo lilimjia akiwa kwenye vita ya talaka yake mwenyewe, usiku akiwaza jinsi ya kumuua mume; akaona heri amuue kwenye karatasi na alipwe.

Hata hivyo, kwenye kipimo changu Santa Teresa inapata alama za wastani. Uhalifu mwingi wa Grafton ni siri za familia: mtoto aliyekataliwa, wosia uliobadilishwa, mke aliyetoroka au labda hakutoroka. Hayo yanatokea popote penye familia na mali. Mahali anapowashinda wenzake wote watatu ni kwenye kazi yenyewe. Hakuna anayeonyesha upelelezi wa kila siku kama yeye. Kinsey anagonga milango. Anakaa garini akishika mkojo. Anakwenda maktaba kufungua vitabu vya anwani za mji vya miaka 20 iliyopita, anakwenda ofisi ya kumbukumbu za wilaya kutafuta vyeti vya ndoa na hati za nyumba, kisha usiku anaandika kila jambo kwenye vikadi na kuvipanga upya mpaka kimoja kigombane na kingine.

Na anafanya hivyo miaka yote kwa sababu Grafton aliamua muda usikimbie. Kitabu cha kwanza kiko 1982; cha mwisho, "Y Is for Yesterday", kilitoka 2017 lakini ndani yake bado ni 1989. Hakuna simu ya mkononi, hakuna intaneti. Kinsey akitaka kupiga simu anatafuta sarafu. Kwa msomaji aliyechoka na riwaya ambamo kila fumbo linafumbuliwa na kompyuta, hii ni raha ya pekee.

Grafton alifariki tarehe 28 Desemba 2017 kabla hajaiandika Z. Familia yake ilitangaza kwamba hakuna atakayeiandika kwa niaba yake na alfabeti inaishia Y. Wapo wanaosita kuanza mfululizo usiokamilika. Wasisite: kila kesi inafungwa ndani ya kitabu chake. Kinachokosekana ni herufi tu.

Si lazima kufuata alfabeti, ila usianze na J, "J Is for Judgment", maana humo ndimo ukoo wa Kinsey unapojitokeza, na mshtuko wake hauna nguvu kama hujamzoea kwanza akiwa peke yake duniani. Baada ya A unaweza kurukia "S Is for Silence" cha 2005. Mwanamke ametoweka mji mdogo mwaka 1953, yeye na gari lake jipya la Chevrolet, na miaka 34 baadaye bintiye anataka kujua. Grafton anatupeleka na kuturudisha kati ya miaka hiyo miwili, na kwa mara moja mji unakuwa mkubwa kuliko mpelelezi: kila mtu anajua kipande, na kila mmoja ameoa au kuolewa na mtu wa kumfichia.

San Francisco, kwa kifupi

Kwa haki ya kihistoria Sharon McCone angekaa juu. Marcia Muller alimtoa mwaka 1977 katika "Edwin of the Iron Shoes", miaka mitano kabla ya Warshawski na Millhone, na Grafton mwenyewe alimtambua Muller kuwa mama mwanzilishi wa aina hii ya riwaya. Edwin wa kwenye jina ni sanamu ya mtoto yenye viatu vya chuma, iliyomo kwenye duka la vitu vya kale ambako mwenye duka ameuawa. Ni picha nzuri. Kitabu chenyewe ni chembamba, mazungumzo yamekakamaa, na ukikisoma leo unaona mwandishi anapapasa njia ambayo wenzake baadaye waliikuta imeshafyekwa.

McCone anaanza kama mpelelezi wa All Souls, ushirika wa mawakili wa bei nafuu katika nyumba ya kizamani huko Bernal Heights. Tofauti yake na Kinsey ni kwamba yeye anakua. Anaacha All Souls, anafungua kampuni yake, anajifunza kurusha ndege, anaolewa, na mwaka 2000 katika "Listen to the Silence" anagundua kwamba alilelewa tu na wale aliowadhani wazazi wake, na damu yake ni ya Washoshone, moja ya mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani. Kama unapenda kumfuata mtu maisha yake yote, huyu ndiye. Kama unataka kitabu kimoja tu, ruka hadi "Wolf in the Shadows" cha 1993, ambamo anakataa cheo cha kukaa mezani na kuondoka kumtafuta mpenzi wake hadi mpakani mwa Mexico. Humo Muller ameshaiva.

Wape kesi moja wote wanne

Kabla sijafika Gaborone, acha niwape kesi moja: mume ametoka asubuhi, hajarudi, mke amekuja na picha.

Warshawski atauliza alikuwa akifanya kazi wapi, nani alimkatia bima, na nani atalipwa akifa. Kabla jua halijatua atakuwa amegombana na mkurugenzi wa mahali fulani. Kinsey atachukua picha, atamsaini mke mkataba, atagonga milango ya mtaa mzima kuanzia jirani wa kushoto, na ushahidi utatoka kwa mtu wa tisa ambaye alikuwa akimwagilia maua. McCone atapanda gari aende alikozaliwa huyo mume. Mma Ramotswe atapika chai, atamwacha mke aongee mpaka amalize, halafu atauliza shangazi yake mume anaishi wapi.

Kesi hiyo, kwa kweli, amekwisha kuipata. Katika kitabu chake cha kwanza mume ametoweka siku aliyokwenda kubatizwa mtoni pamoja na waumini wenzake. Kila mtu anamshuku mwanamke mwingine. Mma Ramotswe anamwazia mamba, anakwenda mtoni usiku akiwa na mbwa wa kumvutia mnyama huyo, na kilichokutwa tumboni mwa mamba kinamaliza kesi. Warshawski angelala Chicago maisha yake yote asipate kesi ya namna hiyo.

Gaborone: buli na magi matatu

"The No. 1 Ladies' Detective Agency" kilitoka 1998. Precious Ramotswe ni mzaliwa wa Mochudi. Baba yake, Obed, alikwenda kuchimba migodi ya Afrika Kusini, akarudi na mapafu yaliyoharibika na ng'ombe waliozaana vizuri. Akiwa anakata roho alimtaka binti auze mifugo anunue biashara, bucha au duka la pombe. Binti akauza ng'ombe, akafungua ofisi ya upelelezi chini ya kilima cha Kgale. Mali ya ofisi inaorodheshwa mapema: gari dogo jeupe, meza mbili, viti viwili, simu, taipureta chakavu, buli, na magi matatu, moja lake, moja la katibu, moja la mteja. Wakili anayeshughulikia hati anashangaa kama kweli wanawake wanaweza upelelezi. Anajibiwa kwamba wanawake ndio wenye macho.

Hapa kipimo changu kinayumba, na ndiyo maana napenda kukitumia. Kesi nyingi ni ndogo: baba wa uongo aliyehamia kwa binti apate kulishwa, mzazi tajiri anayetaka kujua binti yake anatembea na nani, daktari ambaye siku nyingine ni hodari na siku nyingine hajui kitu. Kesi kama hizo zinaweza kuhamia miji mingi. Kisichohama ni namna ya kuzitatua. Anamwita kila mtu Mma au Rra. Hamkatizi mzee. Anajua kwamba mtu ana kijiji, kijiji kina watu, na watu hao wanakumbuka. Kukaa kimya mbele ya kikombe cha chai ya rooibos kunamfungua shahidi ambaye Warshawski angemtisha bure. Bastola si zana yake. Zana yake ni adabu, na adabu ile ni ya pale.

Usidanganyike na utamu wa jalada, hata hivyo. Kitabu cha kwanza kina mume, mpiga tarumbeta Note Mokoti, anayempiga mkewe, na kina mtoto mchanga anayekufa. Kina pia mtoto wa kiume aliyepotea, na kila mtu pale anahofia jambo moja ambalo hakuna anayetaka kulitamka: kwamba amechukuliwa kwa ajili ya uganga. Kurasa hizo zina giza kuliko nyingi za Grafton.

Lawama kubwa ni nyingine. Alexander McCall Smith, mwandishi wa vitabu hivi, ni Mzungu aliyezaliwa Bulawayo, aliyekuwa profesa wa sheria Edinburgh, aliyesaidia kuanzisha kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Botswana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anaipenda nchi ile, hilo halina ubishi. Lakini anaipenda kama mgeni aliyepokelewa vizuri. UKIMWI, uliokuwa ukiikausha Botswana miaka ileile mfululizo ulipoanza, unaguswa kwa mbali. Wenye vyeo ni nadra kuwa wala rushwa wa kutisha. Watu maskini wana busara nyingi kuliko hasira. Msomaji wa Afrika ataona mambo mengi anayoyatambua kabisa, salamu, ng'ombe, fahari ya katibu wake, Mma Makutsi, na asilimia zake 97 za chuo cha ukatibu, na bado atahisi mahali fulani amepakwa sukari. Mimi nakunywa hiyo sukari kwa kitabu kimoja au viwili, kisha naweka chini. Kadiri mfululizo unavyoendelea ndivyo uhalifu unavyopungua na keki ya Mma Potokwani, mkuu wa kituo cha yatima, inavyoongezeka.

Faida yake kubwa ni lugha. Sentensi ni fupi na safi, na anayejifunza kusoma riwaya za Kiingereza hatapata mlango mwepesi kuliko huu. Ipo pia tamthilia ya televisheni ya BBC na HBO, iliyopigwa Botswana kwenyewe na kuanza kuonyeshwa 2008, Jill Scott akiwa Mma Ramotswe. Grafton kwa upande wake, aliyewahi kuandika kwa ajili ya televisheni na akajua wanavyovifanya vitabu, alikataa maisha yake yote kumuuza Kinsey kwa Hollywood.

Sasa uchukue kipi

Kama ni kitabu kimoja kwa mwaka mzima, chukua "Blood Shot". Kinachosha, kina hasira, utahitaji kurudia kurasa za bima, na ndicho kitabu pekee kati ya vyote nilivyovitaja ambacho ukikifunga utakuwa unajua jinsi mtaa unavyouawa na nani anayetia saini. Usianze na "Indemnity Only" kwa sababu tu ni cha kwanza. Si kibaya, ila Paretsky wa 1988 amemwacha mbali Paretsky wa 1982, na huhitaji kile ili ukielewe hiki.

Kama unataka mfululizo wa kulala nao, mpelelezi ambaye baada ya vitabu vitatu utamjua kama jirani, ni Kinsey, na kwake anza na A. Katikati ya alfabeti kuna herufi zinazopwaya. Ukikutana na moja, iache nusu bila kujilaumu, nenda mbele.

Kama umechoka, una mgonjwa nyumbani, au unamtafutia kitabu mama mkwe ambaye hapendi damu, ni Gaborone. Tahadhari niliyoitoa kuhusu kitabu cha kwanza uikumbuke ukimpa kijana mdogo: zisome wewe kwanza sura za Note.

McCone ni wa aliyekwisha kuwamaliza wengine. Sisemi hivyo kwa dharau. Ukimsoma baada ya Warshawski na Millhone utaona ni vitu vingapi walivikuta kwake, na hiyo ni starehe ya mtu anayeijua njia tayari.

Na kama hutaki kufungwa na mfululizo wowote, kuna wa tano ambaye sikumweka kwenye kichwa cha habari: Cordelia Gray wa P.D. James, katika "An Unsuitable Job for a Woman" cha 1972. Mshirika wake wa kazi amejiua na kumwachia ofisi ya upelelezi isiyo na wateja. Kesi yake ya kwanza inampeleka Cambridge, ambako kijana aliyeacha masomo ya chuo amekutwa akining'inia kwenye kitanzi, naye baba yake, mwanasayansi mashuhuri, anataka kujua kwa nini. Nyasi za kijani, mto, bustani, na chuki iliyofichwa chini ya adabu za wasomi. James aliandika cha pili tu, mwaka 1982, kisha akamwacha. Hicho cha pili unaweza kukiruka.